Hakimu Ajmal Khan wa Delhi na Chuo Chake cha Tiba

Neno hakimu kwetu hapa Mvita ni jina la mtu akaaye kortini akahukumu baina ya watu. Ndugu zetu wa Bara Hindi hulitumia neno hilo hilo kwa tabibu, tena si kila tabibu, bali yule aliyesoma tiba ya Kiyunani. Tiba hiyo asili yake ni kwa Wayunani wa kale, kina Bukrati na Jalinus. Kisha Waarabu na Waajemi wakaipokea, wakaitia katika lugha ya Kiarabu, wakaizidisha na kuisahihisha, hata Ibn Sina akaikusanya katika kitabu chake kiitwacho Qanun, na kutoka huko ikafuata njia ya Waislamu mpaka Hindi. Na sisi pia imetufikia, ijapokuwa wengi wetu hatujui. Tusemapo balghamu, na tusemapo safura, twatumia maneno ya vitabu hivyo. Ila safura ya vitabuni ni nyongo ya manjano, nayo safura yetu imegeuka kuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa na damu.

Mtu tunayetaka kuwasimulia wasomaji wetu ni mmoja katika mahakimu hao, naye ni Muhammad Ajmal Khan wa Delhi, aliyezaliwa mwaka wa 1868 na kufa mwaka wa 1927, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wamjuao wengi humjua kwa siasa, kwani aliongoza Jumuiya ya Waislamu wa Hindi na pia Kongresi ya Wahindi wote, na si watu wengi waliopewa vyeo hivyo viwili. Sisi hatumwandiki kwa siasa zake. Twamwandika kwa kuwa alikuwa mrithi wa tiba ya zamani, akala kwa tiba hiyo na akatukuka kwa tiba hiyo, na juu ya yote hayo akataka itiwe katika mizani.

Jambo hili latuhusu. Katika mji wetu, kuanzia Marikiti mpaka vichochoro vya Mji wa Kale, mtu apata habasoda, sanamaki, shubiri, ubani wa kutafuna, asali na mafuta ya kila jina, na vitu vingi katika hivyo vililetwa bandarini kwetu tangu karne nyingi na majahazi ya kaskazi kutoka Hindi na Ghuba. Lakini mazungumzo ya watu juu ya dawa hizi aghlabu ni ya namna mbili tu. Wako wasemao kwamba dawa za wazee ni kamili, hazina la kuongezwa wala la kupunguzwa. Na wako wasemao kwamba ni upuuzi mtupu, na kwamba dawa ni ile itokayo kiwandani ndani ya kijaluba. Ajmal Khan alisimama mahali pa tatu, na mahali hapo ni pagumu kupasimama, kwa sababu mtu hupigwa kutoka pande zote mbili.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa nyumba ya tiba kwa vizazi. Wazee wake, kama wasimuliavyo wenyewe, waliingia Hindi pamoja na jeshi la Babur, mfalme wa kwanza wa Kimoghuli, na mmoja katika hao, Hakimu Sharif Khan, alikuwa tabibu katika enzi ya mfalme Shah Alam. Kwa jina lake ukoo ukaitwa wa Sharifi, na jumba lao katika mtaa wa Ballimaran likaitwa Sharif Manzil. Baba yake Ajmal Khan, Hakimu Mahmud Khan, aliiona fitina kubwa ya mwaka wa 1857, Waingereza walipoutwaa mji wa Delhi kwa upanga na kuwafukuza watu wake. Mtaa wa mahakimu ulisalimika, kwa kuwa Maharaja wa Patiala, aliyekuwa upande wa Waingereza, alikuwa akitibiwa na nyumba hiyo, akaweka askari wake kuulinda. Hivyo elimu iliyokuwa ndani ya jumba lile haikuteketea, hali maktaba nyingi za Delhi ziliteketea.

Ajmal Khan alihifadhi Kurani utotoni, akasoma Kiarabu, Kiajemi, mantiki na elimu nyingine za dini kama walivyosoma vijana wa nyumba kubwa, kisha akasomeshwa tiba na baba yake na ndugu zake wakubwa. Alikuwa mtunga mashairi pia, kwa Kiurdu na Kiajemi, akijiita Shaida. Mwaka wa 1892 aliitwa Rampur awe tabibu mkuu wa Nawabu wa nchi hiyo, akakaa huko karibu miaka 10. Huko Rampur palikuwa na hazina ya vitabu vya mkono visivyopatikana penginepo, naye alitiwa katika kazi ya kuvisimamia. Twaona kwamba miaka hii ilimjenga kuliko watu wanavyodhani. Tabibu ajuaye kitabu kimoja alichorithi kwa baba yake hudhani kwamba elimu yote imo humo. Lakini mtu akaaye na maelfu ya vitabu huona kwa macho yake kwamba wazee walipingana, kwamba Razi alimkosoa Jalinus, na kwamba Ibn al-Nafis alimkosoa Jalinus na Ibn Sina pamoja katika habari ya damu ipitayo mapafuni. Basi wale tunaodai kuwafuata walikuwa wenyewe wakitafiti.

Kabla yake, katika miaka ya 1880, ndugu yake mkubwa, Hakimu Abdul Majid Khan, alikuwa amefungua shule ya tiba mjini Delhi iliyoitwa Madrasa Tibbia. Leo shule si ajabu, lakini kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Ada ya mahakimu, kama ada ya waganga wa kwetu, ilikuwa kuficha. Mchanganyiko wa dawa ulikuwa siri ya nyumba, umeandikwa katika daftari ambalo baba humwachia mwana. Na mwana akifa bila ya mrithi, siri huzikwa naye. Kufungua shule maana yake ni kumfundisha mtu baki. Abdul Majid alipofariki, na ndugu wa kati, Hakimu Wasil Khan, alipomfuata miaka michache baadaye, mzigo wa shule ukamwangukia Ajmal Khan, naye akarudi Delhi kuubeba.

Sifa yake ya utabibu ilikuwa imekwisha kuenea. Alijulikana kwa kushika mshipa wa mkono na kutaja ugonjwa, na watu walitoka mbali kuja kukaa barazani pake. Ada yake ilikuwa hivi: aliyemfuata Delhi, awe tajiri au maskini, alitibiwa bure, bali akiitwa nje ya Delhi na wafalme na matajiri, alitoza rupia 1,000 kwa siku. Mwaka wa 1908 serikali ya Kiingereza ilimpa lakabu ya Haziq-ul-Mulk, yaani bingwa wa nchi. Mtu mwenye hali kama hiyo angaliweza kukaa starehe na jina lake, wala asitafute la kumsumbua.

Yeye alianza kusumbuka. Mwaka wa 1909 alifungua sehemu ya wanawake, wafundishwe ukunga kwa elimu na usafi, kwa kuwa aliona wanawake na watoto wachanga wakifa mikononi mwa wakunga wasiojua. Mwaka wa 1910 likaja jambo lingine. Serikali ya Bombay ilikuwa yakusudia sheria ya kuandikisha madaktari, na kwa sheria hiyo hakimu wa Kiislamu na vaidya wa Kihindu, yaani tabibu wa tiba ya Kiveda, wote wangelikuwa si kitu mbele ya serikali. Ajmal Khan akawakusanya pamoja, mahakimu na mavaidya, katika mkutano mmoja wa Hindi nzima. Si wote walioridhika. Mahakimu wa Lucknow, wa nyumba ya Azizi, ambao nao walikuwa na chuo chao tangu mwaka wa 1902, walichelea kwamba tiba ya Kiyunani ikichanganywa na ya Kiveda na ya Kizungu itayeyuka kama sukari katika maji, mwisho ibaki jina. Hatuwezi kusema kwamba hofu yao ilikuwa ya kijinga. Lakini katika mkutano ule Ajmal Khan hakuwaambia wenziwe kwamba serikali imewadhulumu tu. Aliwaambia pia kwamba baadhi ya lawama ni haki yao: kwamba wengi wao hawajui viungo vya mwili ila kwa kusoma, kwamba upasuaji wameuacha mikononi mwa vinyozi, na kwamba hawakuongeza kitu katika elimu waliyoachiwa.

Mwaka wa 1911 alisafiri kwenda Ulaya. Alifika London, Paris, Berlin na Vienna, kisha akapita Istanbul na Cairo. Wapenzi wake hupenda kusimulia kisa cha London, katika hospitali ya Charing Cross, ambako kijana wa Kihindi, Daktari Mukhtar Ahmad Ansari, alikuwa akifanya kazi. Yasimuliwa kwamba bingwa wa upasuaji wa hospitali ile alimkaribisha hakimu amtazame mgonjwa, wakahitilafiana: Mwingereza asema ugonjwa uko katika kifuko cha nyongo, na hakimu asema uko mwanzoni mwa utumbo. Mgonjwa alipopasuliwa ikaonekana hakimu ndiye aliyesibu. Kisa hiki kizuri, nasi hatukikanushi. Lakini watu hukishika kisa wakasahau safari. Ajmal Khan hakwenda Ulaya kushindana. Alizunguka katika hospitali, katika vyuo vya tiba, katika nyumba za kuchunguzia dawa na katika maktaba zenye vitabu vya Kiarabu, akitazama namna zinavyoendeshwa. Na katika kisa chenyewe hebu tuangalie: ni nini kilichothibitisha kwamba hakimu amesibu? Ni kisu. Lau mgonjwa asingepasuliwa, kila mmoja angerudi nyumbani na rai yake.

Aliporudi alikuwa na nia ya kuigeuza madrasa ndogo ya nduguye kuwa chuo kikubwa. Tarehe 29 Machi 1916 Lord Hardinge, aliyekuwa mtawala wa Hindi kwa niaba ya mfalme wa Uingereza, aliweka jiwe la msingi katika mtaa wa Karol Bagh, nje ya mji wa kale wa Delhi. Fedha zilitoka kwa Manawabu na Marajah, Waislamu na Wahindu, lakini pia zilitoka katika mlango ambao ni wa kuigwa kuliko kuomba. Palikuwa na nyumba ya dawa iitwayo Hindustani Dawakhana, iliyotengeneza dawa za Kiyunani na za Kiveda kwa vipimo vilivyothibiti na kuziuza nchi nzima, na faida yake Ajmal Khan aliielekeza katika chuo. Yaani siri zilizokuwa za nyumba zikawa mali, na mali ikawa ya kusomeshea. Kwetu dawa huuzwa sana, na muuzaji hupata riziki yake, na hilo ni halali. Lakini hatujapata kusikia faida ya habasoda iliyojenga darasa.

Katika chuo kile mwanafunzi alisoma tiba ya Kiyunani au ya Kiveda kutoka katika vitabu vyake vya asili, na pamoja nayo alisoma viungo vya mwili na upasuaji, na palikuwa na hospitali ya kujifunzia. Ujenzi ulipokwisha, nchi ilikuwa imebadilika. Baada ya vita vikuu vya kwanza, mambo ya Khilafa ya Uturuki na mauaji ya Amritsar yalikuwa yamewaghadhibisha watu, na Ajmal Khan mwaka wa 1920 alikuwa amekwisha kuwarudishia Waingereza lakabu na nishani zao. Watu wakampa lakabu yao wenyewe, Masih-ul-Mulk, mponyaji wa nchi. Basi mlango wa chuo, ambao jiwe lake liliwekwa na mtawala Mwingereza, ulifunguliwa na Mahatma Gandhi, tarehe 13 Februari 1921.

Mgeni huyo siku ile alisema maneno ambayo si ya kumpendeza kila mwenyeji. Gandhi hakuwa mpenzi wa madaktari wa Kizungu, na watu walijua hivyo. Walakini aliwasifu wataalamu wa Ulaya kwa moyo wao wa kutafiti, ijapokuwa hakuridhika na njia walikouelekeza, na akasikitika kwamba mahakimu na mavaidya hawana moyo huo, bali hufuata maandiko ya dawa bila ya kuuliza. Ajmal Khan hakuwa na sababu ya kuchukia. Mgeni alikuwa amesema hadharani jambo ambalo mwenyeji alilisema kwa miaka 10.

Hapa inatupasa tuseme rai yetu, na rai yetu si ya sifa tupu. Kuanzia mwaka wa 1919 mpaka karibu na kufa kwake, siasa zilimla mtu huyu. Aliongoza kikao cha Jumuiya ya Waislamu mwaka wa 1919, na kikao cha Kongresi mjini Ahmedabad mwaka wa 1921; alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Jamia Millia Islamia, kilichoanzishwa Aligarh mwaka wa 1920 na kuhamishiwa Delhi mwaka wa 1925, na mara kwa mara alikiokoa na njaa kwa mfuko wake. Yote hayo ni kheri. Lakini chuo cha tiba kilikuwa na majengo, kilikuwa na walimu, kilikuwa na wanafunzi, na lile alilolitaka tangu mwanzo lilikuwa halijaanza: mahali pa kuichambua dawa yenyewe. Kufundisha tashrihi pembeni mwa Qanun si utafiti. Kutarjumu kitabu si utafiti. Hata kukusanya maneno ya wazee wote juu ya mti mmoja, kazi ambayo ina thawabu yake, ni kuanza tu.

Aliyeukamilisha upungufu huo alikuwa kijana aitwaye Salimuzzaman Siddiqui, aliyezaliwa mwaka wa 1897. Kijana huyu alisoma Aligarh falsafa na Kiajemi, akaenda London kusoma udaktari, akaacha, akahamia Frankfurt huko Ujerumani kusoma elimu ya kemia. Alikuwa mchoraji pia, na picha zake zilionyeshwa Frankfurt. Ajmal Khan alimwona, akamjua, akamsaidia kwa fedha katika masomo yake, na alipopata udaktari wa kemia mwaka wa 1927 akamtaka aje Delhi aanzishe nyumba ya utafiti ndani ya chuo cha tiba. Angalieni alivyochagua. Hakuchagua hakimu akamwambia ajifunze kemia kidogo, wala hakuchagua Mzungu wa kukodi. Alichagua mtu aliyeijua kemia kwa ukamilifu wake, na kwa asili na malezi ni mtu wa lugha na vitabu vile vile vya mahakimu, asiyevidharau. Na alimngojea miaka, kwani mtu wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo la gazeti.

Hakuwahi kuyaona matunda. Mwishoni mwa Desemba 1927, akiwa Rampur, mji uleule aliouanzia kazi, moyo wake ulisimama usiku. Alizikwa Delhi.

Siddiqui hakuondoka. Mti wa kwanza alioushughulikia ulikuwa kijiti kidogo ambacho mahakimu walikiita asrol na wataalamu wa mimea hukiita Rauwolfia serpentina. Mizizi yake ilitumika Hindi tangu zamani kwa wazimu, kwa kukosa usingizi na kwa kuumwa na nyoka. Siddiqui na wenziwe waliusaga mzizi, wakaitoa nguvu yake na kuitenga sehemu baada ya sehemu, mpaka mwaka wa 1931 wakatangaza kwamba wamepata chembe safi, za namna ile ambayo wanakemia huiita alkaloidi, nao hawakupata moja bali kadhaa. Ya kwanza wakaiita ajmalini, kwa jina la hakimu aliyekufa.

Mwaka huo huo wa 1931, mjini Calcutta, matabibu wawili, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi huo hupunguza shinikizo la damu na hutuliza wenye wazimu. Mwaka wa 1949 Daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la Uingereza habari za wagonjwa wake wa presha aliowatibu kwa mzizi huo, na hapo ulimwengu ukazinduka. Mwaka wa 1952, huko Basel katika nchi ya Uswisi, kampuni ya Ciba ilitenga katika mzizi huo alkaloidi nyingine, reserpini, na mwaka wa 1954 Nathan Kline wa Marekani akatangaza habari za kuitumia kwa wenye maradhi ya akili. Kwa miaka kadhaa reserpini ilikuwa miongoni mwa dawa kuu za presha duniani. Kisha ikadhihiri kwamba baadhi ya wanaoitumia huingiwa na huzuni nzito, hasa kipimo kikizidi, ikapunguzwa, na dawa nyingine zikachukua mahali pake. Wenye kuushabikia mti hupenda kusimulia nusu ya kwanza ya habari hii, na wenye kuudharau husimulia nusu ya pili. Sisi twaona nusu zote mbili ni kazi moja: mizani ile ile iliyoonyesha nafuu ndiyo iliyoonyesha dhara. Ama ajmalini yenyewe ingali mikononi mwa madaktari wa moyo, ambao huitia katika mshipa wa mgonjwa ili kuufichua ugonjwa wa mapigo ya moyo uitwao Brugada, uliojulikana mwaka wa 1992.

Siddiqui alikaa katika chuo cha Delhi mpaka mwaka wa 1940, ndipo akaingia katika utafiti wa serikali. Mwaka wa 1942 alitangaza chembe alizozitenga katika mafuta ya mwarobaini, na hapa wasomaji wetu watajua kwamba tumefika nyumbani. Mti huu ulitoka Hindi ukaenea pwani yetu, na jina tuliloupa ladai kwamba waponya maradhi arubaini. Hatujapata kumwona mtu aliyeyahesabu maradhi hayo arubaini akatuonyesha orodha. Chembe alizozitaja Siddiqui, nimbini na nimbidini, zilikuwa tatu nne tu, lakini zimeandikwa kwa uzani na kwa sura, na yeyote katika dunia mwenye vyombo aweza kuzitafuta na kumsadiki au kumkadhibisha. Baadaye, katika miaka ya 1990, taasisi ya wadudu ya ICIPE mjini Nairobi ilifanya kazi kubwa juu ya mwarobaini, lakini ilikuwa kwa kuzuia wadudu wa mashambani.

Tusidhani kwamba nyumba ya Ajmal Khan ilikamilisha kila kitu. Twaona upungufu mmoja mkubwa, nao haukuondoka mpaka leo katika vyuo vingi vya tiba za asili. Kazi ya Siddiqui ilikuwa kutenga chembe katika mti mmoja. Hakimu hatibu kwa chembe. Hakimu hutibu kwa mchanganyiko wa miti mitano au kumi, kwa kipimo, kwa chakula maalumu, kwa kutazama tabia ya mgonjwa. Je, mchanganyiko huo waponya? Swali hilo kemia hailijibu. Hujibiwa barazani pa tabibu mwenyewe, kwa kuandika: mgonjwa fulani alikuja na hali hii, nikampa dawa hii kwa uzani huu, na baada ya siku kadhaa hali yake ni hii, na waandikwe wote, waliopona, wasiopona na wasiorudi. Aghlabu wasiorudi huhesabiwa kuwa wameponywa. Na kabla ya hayo yote pawe na yakini ya mti wenyewe, kwa kuwa jina moja pwani hii laweza kuwa la miti miwili, na mti mmoja ukawa na jina jingine Lamu na jingine Pemba. Profesa John Kokwaro, katika kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka wa 1976, aliyaweka majina ya makabila kando ya majina ya kitaalamu, na mtu yeyote anayetaka kutafiti hana budi kuanzia hapo.

Nchi ya Hindi, baada ya uhuru, iliendelea na jambo hili kwa nguvu za serikali. Mwaka wa 1978 liliwekwa baraza maalumu la utafiti wa tiba ya Kiyunani, mwaka wa 2014 ikawekwa wizara nzima ya tiba za asili, na tarehe 11 Februari, siku aliyozaliwa Ajmal Khan, imefanywa kuwa siku ya tiba ya Kiyunani. Chuo chake cha Karol Bagh kingali kikisomesha. Upande wetu, Tanzania ilitangulia: mwaka wa 1974 kiliwekwa Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho sasa ni taasisi kamili ya chuo kikuu, na waganga waliandikishwa chini ya sheria ya mwaka wa 2002. Kenya ina kituo cha utafiti wa dawa za asili ndani ya KEMRI, na sheria ya afya ya mwaka wa 2017 imezitambua tiba hizi. Yaani milango ipo. Lakini taasisi ya Nairobi au ya Dar es Salaam haiwezi kuja Mji wa Kale kuyafungua madaftari ya mabibi zetu na ya wauza dawa wetu, ikiwa wenyewe hawakuyafungua. Hayo yalikuwa ya Abdul Majid Khan kabla ya kuwa ya Ajmal Khan.

Siddiqui alihamia Pakistani mwaka wa 1951, akajenga huko nyumba nyingine za utafiti, akafariki Karachi mwaka wa 1994, akiwa na umri wa miaka 96. Ama ukoo wa ule mti wa asrol haukuishia Hindi. Reserpini ilipotafutwa sana duniani, mizizi mingi ilitoka Kongo, kwa mti mwingine wa ukoo huo uitwao Rauvolfia vomitoria, nao wapatikana mpaka Uganda. Na wataalamu wa mimea wana mti wa tatu katika ukoo huo huo, uotao katika vichaka na misitu ya pwani kutoka Kenya mpaka Msumbiji, ambao tangu zamani wameuandika katika vitabu vyao kwa jina la mji wetu, Rauvolfia mombasiana.